Tofauti ya maneno ‘banana’ na ‘plantain’

Banana na plantain ni maneno mawili ya Kiingereza yanayotaja matunda ya mgomba. Kwa Kiswahili yote mawili ni ndizi. Shuleni hutofautishwa mara nyingi kwa kanuni fupi: banana huliwa mbivu, plantain hupikwa. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kanuni hiyo inapotosha, kwa sababu ndizi inayopikwa huko kila siku si plantain.

Asili ya maneno

Banana liliingia katika Kiingereza kupitia Kireno au Kihispania, kutoka lugha za Afrika ya Magharibi. Plantain limetokana na Kihispania. Neno hilohilo pia ni jina la mimea midogo ya jenasi Plantago, ambayo haina uhusiano na mgomba.

Maana ya kitaalamu

Migomba mingi inayolimwa imetokana na spishi mbili za mwituni: Musa acuminata (A) na Musa balbisiana (B). Mwaka 1955 Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walionyesha namna ya kuipanga kwa herufi hizo. Plantain halisi ni ya kundi la AAB. Tunda lake huwa refu, na hata likiiva hubaki na wanga mwingi. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika ya Mashariki ni za kundi la AAA, kama ilivyo Cavendish, ndizi mbivu inayouzwa zaidi katika masoko ya dunia.

Matumizi katika Kagera

Wahaya huzitenga ndizi kwa kazi yake. Ebitoke, kama vile Enchoncho na Entobe, hupikwa, mara nyingi pamoja na maharage. Embile hukamuliwa kutengeneza pombe ya rubisi. Enkonjwa huchomwa, na hiyo ndiyo plantain. Kwingineko nchini Tanzania plantain hujulikana kwa majina kama mzuzu na mkono wa tembo.

Umuhimu katika tafsiri

Mwanafunzi wa Muleba akiandika kwa Kiingereza kwamba nyumbani kwao hula plantain na maharage, msomaji wa Ghana ataelewa ndizi nyingine, yenye ladha nyingine. Takwimu nazo zahitaji uangalifu: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huweka plantain na ndizi za kupika katika fungu moja, hivyo tarakimu ya fungu hilo haimaanishi plantain peke yake.

Kwa hiyo ebitoke hutafsiriwa vema kuwa ‘cooking banana’, au ‘matooke’ kama wasemavyo Uganda. Plantain libaki kwa enkonjwa, mzuzu na mkono wa tembo. Banana bila nyongeza, kwa wasomaji wengi wa Kiingereza, ni ndizi mbivu ya kumenya na kula.