Mazigazi Katika Uwanja wa Shabaha

Msafiri apitaye jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya, wakati wa adhuhuri, huona mbele yake ziwa la maji limetanda. Akiliendea, nalo humkimbia. Hayo ndiyo mazigazi, na waliodanganywa nayo ni wengi. Mwaka 1798 askari wa Ufaransa waliofuatana na jemadari Napoleon Bonaparte katika nchi ya Misri waliteswa nayo sana, kwa kuwa walikuwa na kiu. Mtaalamu mmoja wa safari ile, Gaspard Monge, aliandika kueleza sababu yake: ardhi yenye moto huipasha hewa iliyo karibu nayo, na nuru ipitayo kati ya hewa ya moto na hewa iliyo baridi zaidi haiendi moja kwa moja, bali hupinda.

Jambo lilo hilo humsumbua mpiga shabaha kwa bunduki, wala si lazima awe jangwani. Uwanja ulio mashuhuri kuliko nyingine Uingereza ni ule wa Bisley, katika wilaya ya Surrey, na hata huko, ambako jua si kali kama la Chalbi, mazigazi huonekana sana mwezi wa Julai, wakati wa mashindano makubwa. Mashindano hayo yalianza Wimbledon mwaka 1860, na Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyepiga risasi ya kwanza, akaipata shabaha karibu na katikati kabisa, kwa yadi 400. (Lakini bunduki ile ilikuwa imekwisha kuelekezwa na kufungwa imara, Malkia alivuta kamba tu.) Mwaka 1890 yakahamia Bisley.

Siku ya mwisho, wanaoitafuta zawadi ya Mfalme hulenga kwa yadi 900, kisha kwa yadi 1,000. Duara la katikati lina upana wa futi 2 hivi. Upepo wa maili 10 kwa saa, ukivuma kutoka ubavuni, waweza kuisukuma risasi zaidi ya futi 7 kabla haijafika. Mwaka 1930 Bibi Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kuishinda zawadi hiyo, alimpita aliyemfuata kwa alama 1 tu. Ndiyo sababu mtu asiyeujua upepo hana budi kurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama mkono wake hautetemeki.

Mwanafunzi huyachukia mazigazi, kwa sababu humwonyesha shabaha ikicheza kama kitu kilicho chini ya maji. Fundi huyatazama kwa hamu, maana yale mawimbi ya hewa huchukuliwa na upepo, na kwa hiyo humwambia habari ambazo bendera nzito haziwezi kusema. Yeye huilekeza darubini yake kwenye shabaha, kisha huirudisha kidogo mpaka imwonyeshe hewa iliyo katikati ya njia. Mawimbi yakiinama kidogo, upepo ni hafifu, wa maili 3 hadi 5 kwa saa. Yakilala na kukimbia kama maji ya mto, umeongezeka. Ukipita maili 12 hivi, mawimbi hunyoka hata hayasomeki tena, naye hurudi kwenye bendera.

Hatari iliyo kubwa ni pale mawimbi yanapopanda juu wima, kama mvuke wa sufuria ichemkayo. Asiyejua hufurahi, akidhani kwamba upepo umekoma. Huenda umekoma kweli. Lakini pengine unavuma kutoka mbele au nyuma yake, au unageuka kutoka kushoto kwenda kulia. Akifyatua wakati huo, risasi itakuta upepo mwingine njiani. Afadhali angoje mawimbi yainame tena upande mmoja. Hata hivyo hawezi kungoja apendavyo, kwani zamu yake ikifika hupewa sekunde 45 tu.

Tena kuna mazigazi ambayo mpigaji hujiletea mwenyewe. Baada ya risasi nyingi mtutu hupata moto, na hewa yake hupanda mbele ya jicho lake. Kwa hayo dawa ni rahisi: ukanda wa kitambaa, uliovutwa juu ya mtutu kutoka nyuma hadi mbele, huitupa hewa ile pembeni.