Kusakinisha Programu ya Kujaribu Michoro ya Katuni katika Mifumo Mitatu ya Kompyuta

Makala haya yanatokana na kazi tuliyoifanya idarani ya kuandaa katuni fupi za kufundishia matamshi. Tunawaandikia walimu wenzetu na wanafunzi, hasa wale ambao si mafundi wa kompyuta, kwani hata sisi si mafundi. Wasomaji wetu wa Kenya watatuwia radhi kwa kusema kompyuta badala ya tarakilishi. Ndilo neno lililozoeleka hapa Uganda.

Tuanze na tatizo lenyewe. Wanafunzi wetu wengi lugha yao ya kwanza ni Luganda, na Luganda haina sauti /th/ wala /dh/. Mwanafunzi akikutana na neno dhana hutamka zana, na thamani kwake huwa samani. Si Waganda peke yao, maana hata bara ya Tanzania na Kenya wapo wengi wanaotamka hivyo na maisha yanaendelea. Lakini hawa wetu wanasomea ualimu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na mwalimu atakayeandika ubaoni "zana ya fasihi" akikusudia dhana ya fasihi atakuwa amepotosha darasa zima. Kumwambia mwanafunzi atoe ncha ya ulimi katikati ya meno husaidia, ila wengi huona haya kumkodolea mwalimu macho mdomoni. Ndipo tukaamua kuchora mdomo uliokatwa kwa ubavuni, meno na ulimi vikionekana, ukitamka dhana na kisha zana.

Katuni ni michoro mingi inayofuatana upesi mpaka jicho likaona mwendo. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji mara nyingi huchora 12 tu na kuonyesha kila mchoro mara mbili. Kwa hesabu hiyo, katuni yetu ya sekunde 4 ilihitaji michoro 48. Tuliichora yote, tukaipaka rangi, midomo na ufizi na kivuli cha kaakaa, kazi ya majuma mawili. Tulipoitazama pamoja na sauti, tuliona kwamba ulimi unatoka katikati ya meno wakati irabu /a/ imekwisha kuanza kusikika. Ulichelewa kwa michoro 3, yaani robo ya sekunde. Katika katuni ya kuchekesha watoto hakuna ambaye angejali. Katika katuni yetu, wakati /dh/ inasikika ulimi ulikuwa bado nyuma ya meno, mahali pa /z/. Tulikuwa tumechora kosa lile lile tulilotaka kulisahihisha.

Wenye fani hii hawaanzi na rangi. Huchora kwa penseli kwanza, michoro ikapigwa picha kwa mfuatano na kuchezeshwa, na kasoro za mwendo zikarekebishwa kwa kifutio. Katika studio ya Walt Disney jaribio hilo lilikuwa jambo la kawaida tangu miaka ya 1930, na wakati huo ilibidi kusubiri filamu ya kamera isafishwe. Siku hizi programu ya kompyuta hufanya hivyo papo hapo.

Programu za kazi hii zipo kadhaa. MonkeyJam ni ya bure na ni nyepesi, inafaa sana kwa michoro ya karatasi iliyopigwa skana, lakini iliundwa kwa ajili ya Windows. Ofisini kwetu kuna kompyuta ya Windows, mwenzetu mmoja ana Mac, na maabara ya wanafunzi inatumia Linux ya Ubuntu. Tulihitaji programu moja itakayoingia kote, ili mchoro ulioanzwa ofisini umaliziwe maabarani. Tulichagua Pencil2D, ambayo nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ipakuliwe katika tovuti yake rasmi, pencil2d.org, si katika tovuti nyingine zinazoigawa pamoja na takataka.

Neno moja kabla hatujaendelea: tunasema kusakinisha, ingawa vijana wa maabarani husema kuinstoli, na wapo wanaotetea kusanikisha. Mjadala huo tunawaachia wanaistilahi.

Katika Windows, chunguza kwanza kama mashine yako ni ya biti 64 au 32, kwa sababu faili la moja halifanani na la nyingine. Habari hiyo utaipata kwenye mipangilio ya kompyuta, sehemu inayoeleza sifa za mashine. Pencil2D ya Windows kwa miaka mingi ilikuja kama faili la zipu tu, bila kisakinishi, na mpaka leo wengi hulitumia hilo. Hapa ndipo tulipojikwaa. Ukibofya faili la zipu, Windows hukuonyesha vilivyomo kana kwamba ni folda ya kawaida, nawe unaona programu imekaa pale na unaibofya. Huenda ikafunguka, huenda ikalalamika kwamba kuna kitu kinakosekana. Ni lazima kwanza utoe vyote vilivyomo na kuviweka katika folda halisi. Wala usiichomoe programu peke yake kuipeleka kwenye eneokazi. Pembeni yake kuna folda ndogo yenye chombo kiitwacho FFmpeg, ambacho ndicho kinachotengeneza video. Mmoja wetu alifanya hivyo, akachora siku nzima, na jioni programu ikakataa kutoa filamu. Unayotakiwa kuiweka kwenye eneokazi ni njia ya mkato. Programu yenyewe ibaki nyumbani kwake.

Windows pia inaweza kukuonya kwamba haimjui mtengenezaji wa programu. Kama umeipakua kwenye tovuti rasmi, bonyeza "More info", na kitufe cha "Run anyway" kitajitokeza.

Mac ndiyo iliyotusumbua muda mfupi zaidi. Unafungua zipu, unaiburuta programu hadi kwenye folda ya "Applications", basi. Kikwazo ni ulinzi wake, ambao unaweza kukataa kabisa kufungua programu isiyotambuliwa na Apple. Katika matoleo ya zamani ya macOS ilitosha kushikilia kitufe cha Control, kubofya programu na kuchagua kuifungua. Kuanzia toleo la 15, lililotoka mwaka 2024, njia hiyo imefungwa. Sasa unajaribu kuifungua, inakataa, halafu unaingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya faragha na usalama, ushuke chini mpaka uone "Open Anyway". Ni mara moja tu. Baada ya hapo haikuulizi tena.

Linux ina njia mbili, na tofauti yake inafaa kueleweka. Ya kwanza ni kuiomba Ubuntu yenyewe ikuletee programu kutoka ghalani kwake, kwa kuandika amri hii kwenye dirisha la amri:

sudo apt install pencil2d

Utaulizwa nywila, na kila kitu kingine kinachohitajika kitakuja chenyewe. Ubaya wake ni kwamba toleo lililomo ghalani linaweza kuwa nyuma ya lile la tovuti. Kwetu hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa hatukutaka maabara iwe na toleo moja na ofisi jingine. Tulitumia njia ya pili, ya kupakua faili la aina ya AppImage, ambalo limebeba programu nzima ndani yake. Ukilibofya likanyamaza, usidhani limeharibika. Linux hailiruhusu faili lililotoka kwenye intaneti kujiendesha mpaka mwenyewe utoe ruhusa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa za faili na uliruhusu liendeshwe kama programu. Au tumia amri ya chmod +x ikifuatwa na jina la faili. Likiendelea kunyamaza, huenda inakosekana maktaba iitwayo libfuse2, ambayo Ubuntu haiji nayo tangu toleo la 22.04. Isakinishe kwa amri ile ile ya apt. Katika toleo la 24.04 jina lake limekuwa libfuse2t64, na herufi hizo tatu za mwisho zilitupotezea asubuhi nzima.

Programu ikishafunguka, kazi ni ile ile katika mifumo yote mitatu. Hakikisha kasi ni picha 12 kwa sekunde. Washa kipengele kinachoonyesha mchoro uliotangulia kwa ufifi, kama unavyouona kupitia karatasi nyembamba. Ingiza sauti kabla ya kuchora, si baada yake, nasi hili tulilijua kwa hasara. Sikiliza /dh/ inaanzia kwenye picha ya ngapi, uitie alama, kisha chora ulimi ukiwa umekwisha kufika pale. Tumia mistari mitupu ya penseli.

Kuhamisha kazi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kuna mitego miwili. Kwanza, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili: Dhana na dhana kwake ni mafaili mawili, ilhali Windows huyaona kuwa ni moja. Tumekubaliana kuandika herufi ndogo tupu, na namba za tarakimu tatu, kwa mfano dhana001, dhana002, ili mchoro wa 10 usije ukapangwa kabla ya wa 2. Pili, Pencil2D huhifadhi kazi kwa namna mbili. Faili la pclx hubeba michoro yote ndani yake. Lile la zamani, la pcl, huiweka michoro katika folda nyingine iliyo kando, na anayenakili pcl peke yake kwenye flashi atafika maabarani na karatasi nyeupe.

Jaribio la pili la dhana na zana lilituchukua alasiri moja. Tulilionyesha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza likiwa bado la mistari tu, na mmoja wao aliuliza kwa nini ulimi unarudi ndani polepole mno kabla ya /n/. Tulihesabu picha na kukuta amesema kweli. Tukafuta michoro 2, na rangi bado hatujaigusa.