Jua Litakapozimika: Imani Yetu na Mwisho wa Ulimwengu

Kila mwaka wa Kanisa unapokaribia kwisha, katika Dominika zinazotangulia sherehe ya Kristo Mfalme, masomo ya Misa hutuletea habari za jua kutiwa giza na nyota kuanguka. Na kila mara, katika vigango vya huku Bisibo, maswali huja baada ya baraka ya mwisho. Vijana waliosoma sekondari huuliza kama ni kweli kwamba jua litazimika, na kama hiyo ndiyo siku inayosemwa na Injili. Wazee huuliza jingine: je, ni kweli alivyotangaza mhubiri fulani kwamba mwaka wa mwisho umeshajulikana? Inafaa maswali haya mawili yajibiwe pamoja, maana kuyachanganya kumekwisha kugharimu uhai wa watu wengi katika nchi jirani.

Tuanze na ardhi tunayoikanyaga. Kule Kabanga, wilayani Ngara, upo mwamba wenye madini ya nikeli. Wataalamu wa miamba wameupima na kuona kwamba uliganda kutokana na uji wa moto wa chini ya ardhi miaka ipatayo bilioni 1.4 iliyopita. Idadi kama hiyo haishikiki akilini, kwa hiyo tuazime futi ya seremala na kusema kwamba kila mwaka ni milimita moja. Maisha ya mtu aliyejaliwa miaka 80 yatakuwa sentimita 8, upana wa kiganja. Tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu hadi leo ni mita mbili na kidogo, kimo cha mlango. Mita 15 hivi kutoka hapa tunaufikia wakati ambapo Ziwa Viktoria lilikuwa limekauka, likawa mbuga ya nyasi, kabla mvua hazijalijaza tena. Nyayo za viumbe waliotembea wima pale Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, ziko umbali wa kilometa 3.7. Mwamba wa Kabanga uko kilometa 1,400, kiasi cha safari ya basi kutoka kwetu hadi Dar es Salaam.

Sasa tugeuke tutazame mbele. Jua hung'aa kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake. Limeifanya kazi hiyo kwa miaka bilioni 4.6, na akiba iliyobaki yatosha kwa miaka mingine kama bilioni 5. Lakini halitazimika ghafla kama kibatari kilichoishiwa mafuta ya taa. Kinyume chake, mwanga wake unaongezeka polepole sana, kwa kadiri ya asilimia 10 katika kila miaka bilioni moja. Ndiyo maana wanafalaki wengi wanaona kwamba baada ya miaka ipatayo bilioni moja joto litakuwa kali kiasi cha kukausha bahari zote. Kwa futi yetu hiyo ni kilometa 1,000. Kumbe mwamba wa Kabanga umekwisha kukaa ardhini muda mrefu kuliko muda uliobakia kwa maji ya dunia! Baadaye kabisa jua litavimba na kuwa jekundu, litaimeza sayari ya Utaridi na ile ya Zuhura, huenda na dunia yetu, kisha kitabaki kiini kidogo cheupe kinachopoa taratibu.

Kabla ya hayo, bara lenyewe halitakuwa hili tunalolijua. Bonde la Ufa lina mikono miwili, nasi wa Kagera tunaishi katikati yake. Mashariki ya Afrika inajitenga na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kila mwaka, na ikiendelea hivyo kwa mamilioni mengi ya miaka bahari itapita katikati. Mto Kagera wenyewe ni shahidi. Zamani ulitiririka kuelekea magharibi, hadi ardhi ya upande huo ilipoinuka na kuyarudisha maji mashariki, yakakusanyika na kuwa ziwa. Hata tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililowaua watu wasiopungua 17 mkoani mwetu na kubomoa nyumba nyingi, lilitokana na kuvutana huko kwa ardhi. Wapo waliolihubiri kuwa ni tangazo la mwisho. Ni afadhali wangeshika majembe wakasaidie kuondoa vifusi.

Na ulimwengu mzima je? Hapa yafaa tumkumbuke padre mwenzetu, Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyepewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza ukiwa kitu kimoja kidogo, kizito mno. Leo mwanzo huo unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8 iliyopita. Tangu mwaka 1998 imejulikana pia kwamba mtanuko huo unazidi kuongeza kasi. Mambo yakiendelea hivyo, baada ya miaka kama trilioni 100 nyota mpya hazitazaliwa tena, za zamani zitazimika moja baada ya nyingine, na litabaki giza baridi. Sayansi haiahidi chochote zaidi. Kwa binadamu yenyewe ahadi ni ndogo zaidi, kwa kuwa jamii yetu ina umri wa miaka 300,000 tu, na viumbe wengi wanaonyonyesha hutoweka baada ya miaka milioni moja au michache zaidi.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoizungumzia elimu hiyo kana kwamba inathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake haiwezi kutumika kumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Naona alikuwa na haki, na busara hiyo yahitajika pia tunapozungumza juu ya mwisho. Bwana wetu alisema wazi (Mt 24:36) kwamba siku ile haijulikani na yeyote ila Baba. Kwa hiyo miaka bilioni tano ya jua haitupi hakikisho kwamba Kristo hatarudi usiku wa leo. Kurudi kwake hakutegemei akiba ya haidrojeni. Vilevile hakuna mwanadamu awezaye kupata tarehe hiyo kwa kujumlisha namba za kitabu cha Ufunuo.

Tunajua yaliyowapata waliojaribu. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kikundi kimoja walifundisha kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi, wengi wao Wakatoliki, waliuza mali zao. Mwaka 2000 ukaingia kama miaka mingine, na tarehe 17 Machi mamia yao wakateketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya sala. Miongoni mwa viongozi hao alikuwemo padre aliyekuwa amekwisha kutengwa na Kanisa. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, huko Kilifi nchini Kenya, ulianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikapatikana, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa wengi. Akija mtu kwako akitaja mwaka, mwulize kwanza shamba lako litaandikwa kwa jina la nani.

Lipo kosa jingine lisilo na kelele. Mtu husema: ikiwa dunia hii itapita, kuna hasara gani nikikata miti yote nichome mkaa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Furaha na Matumaini (na. 39), ulilijibu jambo hili. Kungojea nchi mpya kusidhoofishe bidii ya kuitunza hii, kwa sababu mema tuliyoyatenda tutayakuta tena, yakiwa yametakaswa. Katekisimu (na. 1047) inaongeza kwamba hata ulimwengu unaoonekana umekusudiwa kugeuzwa, na Mtume Paulo anavisikia viumbe vyote vikiugua kwa kuungojea ukombozi (Rum 8:19-22). Basi ufufuko haukuahidiwa roho zilizotoroka ulimwengu uliokufa. Umeahidiwa miili hii, pamoja na makao yake.

Limebaki swali ambalo mama mmoja mjane aliniuliza kwa uchungu: je, marehemu wake atangoja miaka bilioni tano? Hapana. Kanisa lafundisha (KKK 1022) kwamba kila mtu hupokea hukumu yake mara tu anapokufa. Ufufuko wa mwili kweli ungali mbele, lakini aliyefariki hayumo tena katika muda unaopimwa kwa mawio na machweo ya jua, na sala zetu humfaa sasa hivi. Majina ya marehemu wa kuombewa hupokelewa na makatekista wa vigango mwezi mzima wa Novemba.