Kidonda Kisichopona: Mizani ya Seli na Sinia la Tambuu



Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa mtaa wetu wa Shella alinijia baada ya swala ya Alasiri kuniomba kombe. Alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, naye alikuwa mtafunaji wa tambuu tangu ujana wake. Nilimwandikia, nikamwombea dua, akaenda zake. Sikumwambia aende hospitali. Alipofika huko, miezi mingi baadaye, uvimbe ulikuwa umekwisha shuka shingoni. Allah amrehemu. Tangu siku ile nimejilazimisha kuuliza na kusoma.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili kwa mizani. Seli zilizochakaa hufa, nyingine hugawanyika kujaza nafasi. Mapema miaka ya 1980, mtaalamu Mwingereza Tim Hunt alichunguza mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miba, jamaa ya wale wanaowachoma watoto wetu miguuni maji yanapokupwa. Aliona protini ambayo hujaa seli inapokaribia kugawanyika, kisha hutoweka. Aliiita saiklini, na mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Mmoja wa ukoo huo, saiklini D1, ni miongoni mwa watoaji wa idhini: huisukuma seli kuanza safari ya kugawanyika. Katika saratani nyingi za kinywa na koo, protini hii imekutwa imezidi kiasi. Idhini haikomi, seli huongezeka bila ya haja, na kidonda hugeuka uvimbe.

Ni nini kinachovuruga mizani hiyo? Ni tumbaku ya kuvuta, ya kutafuna na ugoro, ni pombe, ni baadhi ya virusi vya HPV, na ni popoo. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa popoo husababisha saratani hata isipochanganywa na tumbaku. Basi tulitazame upya sinia la tambuu tunalowapitishia wageni arusini.

Mama zangu na dada zangu, kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu, baka jeupe au jekundu, uvimbe wa shingo, sauti iliyokwama au kumeza kwa taabu, yote hayo si ya kusitiriwa. Nendeni hospitali ya Malindi mkatazamwe. Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, kuna kituo cha saratani. Ugonjwa huu ukiwahiwa, wengi hupona.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na dua haizuii dawa. Leo anayeniomba kombe kwa kidonda cha kinywa humwandikia, kwa sharti moja: kesho yake asubuhi awe kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.