Maji mapya, mabomba ya zamani

Bomba bovu hupenda kupasuka usiku. Saa nane mji umelala, koki zimefungwa, na presha iliyokuwa ikipungua mchana kutwa kwa kuchota na kufua inabaki yote ndani ya mabomba. Penye udhaifu ndipo inapotokea.

Kwa baba yangu mdogo ilitokea chumba cha tatu. Yeye anaishi Murangi, huko Majita. Nyumba yake ya wapangaji iko Nyasho, Musoma mjini, na ni ya zamani. Alipigiwa simu kwamba maji yanatoka ukutani. Koki ya kufungia nyumba nzima iko wapi? Wapangaji hawakujua, naye hakukumbuka. Kijana mmoja aliikuta uani chini ya rundo la matofali, imeshika kutu, haizunguki. Mpaka walipofanikiwa kufunga kwenye mita kwa spana, plasta ilikuwa imedondoka, godoro limelowa, na madaftari ya watoto yameelea.

Asubuhi fundi alivunja ukuta. Lilikuwa bomba la chuma la nusu inchi. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa hadi tundu likabaki kama la penseli, na lilipasuka pale pale mafundi wanapopatarajia, kwenye maungio. Bomba la aina hii hupakwa zinki ili lisishike kutu, lakini fundi anapolikata nyuzi za kuungia, zinki huondoka na chuma kinabaki wazi. Hatua chache mbele tulikuta mpira wa tyubu ya baiskeli umefungwa kuzunguka bomba, kisha ukapigwa plasta juu. Kuna mtu aliona tatizo miaka iliyopita akalificha. Hilo liliniuma kuliko kutu yenyewe.

Mabomba hayo yalizoea maji ya mgawo, yanayokuja kwa saa chache na kutiririka kinyonge. Sasa Musoma ina chanzo cha Bukanga, kilichojengwa kwa mradi uliofadhiliwa na Ufaransa kupitia shirika lake la AFD. Presha hutegemea kimo: tangi lililo kilimani, mita 50 juu ya nyumba, husukuma maji zaidi ya mara 16 kuliko tangi la uani lililo kwenye mnara wa mita 3. Kwa presha hiyo, tundu la milimita 5 tu linaweza kumwaga zaidi ya lita 1,000 kwa saa, yaani uniti nzima kwenye mita kila saa, watu wakiwa wamelala.

Neema hiyo hiyo ya maji mapya inawafikia wengine. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaochota Ziwa Victoria. Wenye nyumba za zamani katika vijiji hivyo wamsikilize fundi wetu. Alikataa kuziba. Aling'oa bomba lote, akaweka mabomba ya plastiki, PPR, yanayounganishwa kwa moto, akayapitisha nje ya ukuta ambako jicho linaona, na kila chumba akakiwekea koki yake. Kabla ya kuondoka alijaza maji, akapandisha presha kwa pampu ya mkono na kungoja akitazama sindano ya geji. Wengi hawana subira ya hatua hiyo.

Bili ilipokuja, baba mdogo alitaka kuigawa kwa vyumba kama kawaida. Tulimkatalia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha sehemu tu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na vifaa vinavyotumiwa na wote. Bomba la ukutani ni lake. Na hata sheria ingenyamaza, mpangaji aliyelipa kodi ya miezi 6 mkupuo hawezi kudaiwa maji yaliyomlowesha. Baba mdogo alinung'unika siku mbili tatu, kisha akalipa bili yote, na mama wa chumba cha tatu akanunuliwa godoro.