Utafiti wa baada ya uzamivu

Utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi ya utafiti ya muda maalumu inayofanywa na mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, kwa kawaida katika chuo kikuu au taasisi ya utafiti, pamoja na mtafiti mwenye uzoefu zaidi. Anayeifanya si mwanafunzi: hatafuti shahada nyingine, naye hulipwa mshahara au posho. Lengo ni kujifunza mbinu mpya, kuchapisha makala na kujijengea jina katika fani kabla ya kuomba ajira ya kudumu.

Historia
Mwaka 1919 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilianza kuwafadhili wanafizikia na wanakemia vijana wenye uzamivu, kwa fedha za Rockefeller Foundation. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia utaratibu huo ulienea, hasa katika sayansi asilia.

James Watson alipata uzamivu mwaka 1950, akaenda kufanya utafiti Copenhagen, kisha Cambridge, ambako mwaka 1953 yeye na Francis Crick walieleza muundo wa DNA. Katalin Karikó wa Hungaria alihamia Marekani mwaka 1985 kwa nafasi ya namna hii katika Temple University, Philadelphia. Mwaka 2023 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Drew Weissman kwa uvumbuzi uliowezesha chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19.

Aina za nafasi
Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuajiriwa katika mradi wa mtafiti mwenye ruzuku. Hapo mada imekwisha kupangwa, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine.

Ya pili ni ufadhili ambao mtafiti huuomba kwa mada yake mwenyewe. Mfano ni ule wa Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, na ule wa Umoja wa Ulaya wenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Yote miwili hupokea waombaji wa nchi nyingi, wakiwemo Waafrika, lakini humtaka mwombaji awe amepata mwenyeji atakayempokea.

Ukomo wa muda
Fadhili nyingi huhesabu miaka tangu uzamivu kupatikana. Humboldt huwapokea watafiti wa ngazi hii ndani ya miaka 4, na Marie Skłodowska-Curie ndani ya miaka 8. Huu wa pili pia haumruhusu mtu kwenda nchi aliyoishi au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia tarehe ya mwisho ya maombi. Kwa hiyo anayengoja miaka mingi anaweza kukuta mlango umefungwa, hata kama kazi yake ni nzuri.

Kuomba nafasi
Utafutaji huanza vema mwaka mmoja hivi kabla ya tasnifu kukamilika, kwa sababu uamuzi wa wafadhili na viza huchukua miezi. Mwombaji husoma makala za watafiti wa fani yake, kisha humwandikia mmoja mmoja barua fupi inayotaja kazi mahususi ya mtafiti huyo na kueleza mchango atakaoleta. Barua moja iliyotumwa kwa watu hamsini hutambulika upesi, na mara nyingi haijibiwi.

Nyaraka zinazodaiwa kwa kawaida ni wasifu, orodha ya machapisho, pendekezo la utafiti na barua za wadhamini wawili au watatu. Msimamizi wa uzamivu huwa mmoja wao, hivyo uhusiano naye una uzito.

Changamoto
Nafasi za kudumu ni chache kuliko watafiti wanaozitaka. Wengine hupita mikataba kadhaa, wakihama nchi pamoja na familia, bila kupata ajira ya kudumu chuoni.

Katika Afrika ya Mashariki, wengi wanaosomea uzamivu tayari ni waajiriwa wa vyuo vikuu, na baada ya kuhitimu hurudi kufundisha. Kwao, nafasi ya utafiti hutegemea pia ruhusa ya mwajiri. Baadhi ya taasisi za eneo hilo hupokea watafiti wa ngazi hii, kwa mfano ICIPE ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo kwa ajili ya utafiti wa wadudu.