Ngoma Imeshika. Pesa Iko Kwa Simu ya Nani?

Ujumbe uliingia Ijumaa saa kumi jioni: shilingi 20,000, nusu ya malipo ya shoo, kutoka kwa mwenye klabu moja kule Thika. Vijana watatu wa Kayole walikuwa wameungoja tangu asubuhi. "Buda, imefika?" mmoja akauliza kwa grupu yao ya WhatsApp.

Imefika, ndiyo. Lakini mwenye laini alikuwa na deni la ovadrafti, ile ya kuazima kidogo kidogo ukinunua tokeni za stima na unga. Mfumo haujui tofauti ya mshahara, zawadi ya shangazi na pesa ya kundi, kwa hivyo ulikata deni lote kwanza. Zikabaki 11,400. Shoo walienda kufanya, lakini kila mtu alipanda matatu yake.

Kwa kawaida hapa tunakuambia ufiche PIN. Leo tunataka tuongee hip-hop, kwa sababu wimbo mmoja wa dakika tatu unapitisha pesa kwa simu mara nyingi kuliko tulivyodhani. Vijana hawa walikubali kutuonyesha stetimenti zao mradi tusiwataje majina. Tuliketi nao na peni, tukafuata pesa kutoka kwa biti hadi jukwaani.

Prodyuza aliwapa bei mbili: 3,000 kuikodi biti, au 12,000 kuinunua iwe yao peke yao. Walikodi. Wengi wanaoanza hufanya hivyo na si kosa, ila ujue kwamba kesho msanii mwingine anaweza kutoa ngoma juu ya biti hiyo hiyo, na huna la kusema. Kurekodi kulichukua saa tatu, 4,500. Kumiksi na kumasta, 5,000. Picha ya kava, 800. Video ndiyo ilimeza: 28,000, na hapo walipigia juu ya paa la ploti yao bila kulipia mahali. Ongeza 1,500 walizomtumia dada aliyeimba kiitikio, jirani yao anayeimba kwaya kanisani. Jumla ni 42,800.

Nani alilipa? Ukiangalia stetimenti, ni mmoja tu, yule yule wa ovadrafti. Wenzake wanasema walimpa sehemu yao mkononi, noti kwa noti, wakati mwingine pale pale kwa mlango wa studio. Yeye hakatai. Shida ni kwamba hakuna anayekumbuka ni ngapi, na noti haiachi ujumbe.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika wimbo kuna vitu viwili tofauti. Maneno na melodia ni vya waliovitunga. Rekodi yenyewe ni kitu kingine, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kama mtunzi wa rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Sasa fikiria siku mkikosana. Mmoja ana jumbe zote za malipo ya studio, wengine wawili wana kumbukumbu za kichwani. Sisi si mawakili, na kulipa studio peke yake huenda kusimalize kesi, lakini tunajua nani ataingia kwa hayo mazungumzo akiwa na karatasi. Kwa hivyo hata kama mko nyumba moja na pesa iko mfukoni, itume kwa simu. Halafu peleka ule ujumbe kwa grupu na uandike chini yake: "Hii ni yangu ya mixing." Sekunde kumi.

Wimbo ulipotoka, ulikaa kimya mwezi mzima. Hapo ndipo watu hukosa subira, na hapo ndipo matapeli huingia. Jamaa mmoja wa Instagram aliwaahidi watazamaji 100,000 kwa shilingi 3,500. Walituma kwa namba ya kibinafsi. Watazamaji walikuja kweli, wengi na kwa haraka, bila hata komenti moja ya maana, kisha YouTube ikaanza kuwaondoa, kwa sababu watazamaji wa kununua hawahesabiwi. Vijana wakatupigia wakitaka muamala urudishwe. Tuseme ukweli: kurudisha muamala ni kwa pesa uliyotuma kwa namba isiyo sahihi. Ulipomtumia mtu uliyemkusudia, tena kwa hiari yako, hilo tayari ni suala la polisi.

Na hata watazamaji wa kweli hawalipi leo wala kesho. Ili upate mgao wa matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Anayekuambia 3,500 zako zitarudi wiki ijayo anakuchezea.

Kilichowainua ni nganya. Kondakta mmoja wanayemjua aliuomba wimbo, akaupeleka kwa dijei anayewatengenezea miksi za gari. Gharama ilikuwa flash disk na chai. Wiki tatu baadaye abiria walikuwa wanaimba kiitikio kabla hata hakijafika. Kiitikio, si vesi. Ile sehemu ya shilingi 1,500.

Wakati wa Kalamashaka wa Dandora, miaka ya 1990, pesa ya kutuma kwa simu haikuwepo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Lakini swali la nani alipwe ni la zamani, na ngoma haiombi ruhusa ikitaka kwenda mbali. Mwaka 2002 "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka redioni ikawa wimbo wa kampeni za NARC. Huwezi kupanga jambo kama hilo ukiwa studio. Unachoweza kupanga ni mgao, na wakati wa kuupanga ni kabla ya kubonyeza rekodi, wakati bado hakuna pesa ya kugombania.

Karatasi moja inatosha. Andikeni jina halisi na namba ya kitambulisho ya kila mtu, alichofanya, asilimia ya maneno na melodia, asilimia ya rekodi, kisha saini. Prodyuza awe hapo pia. Mkiweza, sajilini kazi yenu kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Usajili si lazima ndipo uwe na haki, lakini ni ushahidi mzuri. Mkipeleka wimbo kwa Skiza, mtapitia kampuni ya katikati, basi ulizeni mapema malipo yatatumwa kwa namba gani, na namba hiyo iandikwe kwenye ile karatasi.

Kuhusu pesa ya shoo, vijana wamefungua till ya kundi. Ni afadhali sana, kwa sababu malipo yanakaa peke yake na kila mtu anaweza kuonyeshwa stetimenti. Lakini till si uchawi. Ukihamisha pesa kutoka till hadi laini yenye deni la ovadrafti, itakatwa vile vile. Chagueni laini safi, na mgawane siku hiyo hiyo. Mwenye klabu naye apewe namba ya till kwa maandishi, na aangalie jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika.

Yule wa ovadrafti amelipa wenzake zile 8,600, kwa awamu nne. Tulihesabu naye, zimeisha. Till sasa inashikwa na mwenzake, na alituambia yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo.

Wimbo wa pili una biti tayari, hii wameinunua, na karatasi iko na saini nne. Nafasi ya tano ni ya dada wa kiitikio. Wamemtumia 6,000 za wimbo wa kwanza na kumwandikia asilimia 15 za huu wa pili. Pesa alipokea. Karatasi amesema aachiwe kwanza, aende nayo nyumbani aisome.